Kuhama Kabla ya Tarehe: Taasisi na Mifumo Endeshi Iliyoachwa na Watengenezaji Wake, 2003–2025

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna taasisi zilivyopanga, au zilivyoshindwa kupanga, kuhama kutoka mifumo endeshi ya kompyuta iliyofikia ukomo wa kuhudumiwa na watengenezaji wake. Mifano mikuu ni miwili: Jiji la Munich, Ujerumani, lililoanza kuiacha Windows NT 4.0 mwaka 2003, na huduma za afya za Uingereza zilizochelewa kuiacha Windows XP baada ya 2014. Hoja inayojengwa ni kwamba tarehe ya ukomo haikuwa siri kwa taasisi yoyote kati ya hizo. Kilichozikwamisha ni kazi zilizokuwa zimefungamana na mfumo wa zamani bila ya kuorodheshwa popote: violezo vya barua, hifadhidata ndogondogo, kurasa za ndani zilizofunguka kwa kivinjari kimoja tu na, kwa ofisi zinazoandika Kiswahili, istilahi. Historia hiyo inahusishwa na ukomo wa Windows 10 wa tarehe 14 Oktoba 2025, ambao umezikuta ofisi nyingi za ukanda wetu katika kipindi ambacho Kiswahili kinaingia rasmi katika nyaraka zake.

Maneno makuu: mfumo endeshi, ukomo wa huduma, violezo, istilahi, programu huria

1. Utangulizi

Mtaalamu wa lugha anayeandika kuhusu mifumo endeshi huulizwa, na ni haki aulizwe, amefikaje huko. Jibu langu ni fupi. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukusanya na kusanifisha istilahi za ofisi, na nimeona istilahi nyingi zaidi zikipotea siku ya kubadilisha kompyuta kuliko zilizowahi kukataliwa katika kikao chochote cha usanifishaji. Mwanaistimu hujifunza kuogopa kamati. Mimi nimejifunza kuiogopa pia wikendi ambayo fundi anakuja kufunga mashine mpya.

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia kompyuta nzima: mafaili, vichapishi, mtandao, na programu nyingine zote zinazoketi juu yake. Mtengenezaji huuhudumia kwa miaka kadhaa kwa kutoa viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu yanayogunduliwa kila mara. Muda wa huduma ukiisha, kompyuta haizimiki. Asubuhi yake huwaka kama jana. Tofauti ni kwamba tundu litakalogunduliwa siku hiyo halitazibwa. Hali hii ya kuwaka kama jana ndiyo inayowadanganya wasimamizi wengi, maana bajeti hutengwa kwa ajili ya kitu kilichovunjika, na hiki hakijavunjika.

2. Munich: mji uliohesabu violezo vyake

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ofisi za Jiji la Munich zilikuwa na kompyuta za mezani zipatazo 14,000, nyingi zikitumia Windows NT 4.0, mfumo uliotolewa mwaka 1996. Huduma yake ilikuwa inafikia ukomo mwaka 2004. Njia ya kawaida ilikuwa kununua toleo lililofuata la mtengenezaji yuleyule. Baraza la Jiji lilikataa kuichukulia njia hiyo kuwa ndiyo pekee. Liliagiza ulinganisho wa gharama na manufaa, na tarehe 28 Mei 2003 likapiga kura ya kuhamia Linux na programu huria za ofisi. Mradi ulipewa jina la LiMux. Iliripotiwa wakati huo kwamba Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, alikatiza likizo yake ili aende kumshawishi meya, Christian Ude, na kwamba bei ilipunguzwa. Kura haikubadilika.

Masimulizi mengi kuhusu Munich huishia hapo, kwenye ushindani wa kampuni na jiji. Kwa mtafiti, sehemu yenye faida inaanzia hapo. Jiji lilipoanza kuchunguza kilichomo ndani ya kompyuta zake, lilikuta kwamba halikuwa na ofisi moja bali nyingi. Kila idara ilikuwa na kitengo chake cha teknolojia, mipangilio yake na mazoea yake. Kulikuwa na maelfu ya violezo vya barua na fomu, na makro nyingi, yaani vijiprogramu vilivyoandikwa ndani ya nyaraka ili kujaza jina la afisa, namba ya jalada au kichwa cha idara. Vingi viliandikwa na watumishi wenyewe, kila mmoja kwa mahitaji yake, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kustaafu. Barua ya ofisi ya vibali ilionekana ni karatasi tu, kumbe nyuma yake kulikuwa na mtambo mdogo uliofanya kazi kwenye programu moja ya kampuni moja.

Kwa hiyo wahusika hawakuanza na mfumo endeshi, wakaanza na barua. Waliunda programu waliyoiita WollMux, iliyoweka violezo, vichwa vya barua na taarifa za maafisa mahali pamoja, na mwaka 2008 wakaitoa bure kwa umma. Idara zilihamishiwa kwanza OpenOffice.org zikiwa bado ndani ya Windows. Mtumishi alizoea programu mpya ya kuandikia kabla ya kubadilishiwa mazingira yote. Mfumo endeshi ulifuata baadaye. Meza za kwanza zilihama mwaka 2006, baada ya mradi kusimama kwa muda mwaka 2004 kutokana na hofu ya kisheria kuhusu hataza za programu. Mwisho wa 2013 jiji lilitangaza kwamba kazi imekamilika, kompyuta zaidi ya 14,000 zikiwa zimehama. Ilichukua miaka kumi kukimbia tarehe iliyokuwa mwaka mmoja mbele.

Miaka kumi ni mingi, na wakosoaji hawakuacha kuitaja. Hata hivyo, naona kwamba sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ya kuhamia Linux. Ilikuwa ya kuziunganisha idara ambazo hazikuwahi kuungana, na kazi hiyo ingekuwapo hata kama jiji lingenunua Windows mpya. Tofauti ni kwamba kwa kununua Windows mpya lingeweza kuiahirisha.

Jambo hilo lilijitokeza waziwazi baadaye. Meya mpya, Dieter Reiter, aliingia madarakani mwaka 2014, na malalamiko ya watumishi kuhusu ubadilishanaji wa nyaraka na taasisi nyingine yakapata sikio. Tathmini iliyofanywa na washauri wa nje mwaka 2016 ilionyesha kwamba matatizo mengi yalitokana na mpangilio wa vitengo vya teknolojia kuliko programu zenyewe. Mwezi Novemba 2017 Baraza lilipiga kura ya kurudi Windows, na mfumo uliochaguliwa ulikuwa Windows 10. Msomaji atakumbuka kwamba huo ndio mfumo ambao huduma yake ilikoma Oktoba 2025.

Polisi wa Ufaransa wa kikosi cha Gendarmerie walipita njia inayofanana na hiyo bila kelele nyingi. Walianza na programu ya ofisi mwaka 2005, wakafuata kivinjari na barua pepe, na mwaka 2008 ndipo wakaamua kubadilisha mfumo endeshi kwenda Ubuntu. Kufikia 2013 kompyuta zipatazo 37,000 zilikuwa zimehama. Mpangilio wa hatua ni uleule wa Munich: kwanza chombo anachokishika mtumishi kila siku, mwisho kabisa kile asichokiona. Walichokuwa nacho zaidi ni amri moja kutoka juu hadi chini, jambo ambalo jeshi linalo na halmashauri ya jiji haina.

3. Uingereza: tarehe iliyonunuliwa

Windows XP ilitolewa Oktoba 2001 na ikaishi kuliko ilivyotarajiwa. Toleo lililoifuata, Vista, lilichelewa hadi mwanzoni mwa 2007 na halikupendwa. Taasisi nyingi ziliamua kuliruka. Kompyuta ndogo za bei nafuu ziliendelea kuuzwa zikiwa na XP hadi mwaka 2010. Juu ya hapo, ofisi nyingi zilikuwa zimejenga mifumo yao ya ndani kwa ajili ya kivinjari kilichokuja na XP, Internet Explorer 6, na mifumo hiyo haikufunguka ipasavyo katika vivinjari vilivyofuata. Kuiacha XP kukawa na maana ya kuandika upya mfumo wa mishahara au wa stoo.

Ukomo ulitangazwa miaka mingi kabla: 8 Aprili 2014. Siku ilipofika, Serikali ya Uingereza bado ilikuwa na idadi kubwa ya kompyuta za XP, ikalipa takribani pauni milioni 5.5 ili ihudumiwe kwa mwaka mmoja zaidi. Uholanzi nayo iliingia mkataba wa aina hiyo. Sioni aibu katika kununua mwaka mmoja ikiwa mwaka huo umepangiwa kazi. Wizara ya Afya na Ofisi ya Baraza la Mawaziri ziliziandikia taasisi za afya kuzitaka ziwe na mipango thabiti ya kuiacha XP kufikia Aprili 2015. Mkataba haukuongezwa baada ya hapo. Barua ziliandikwa, lakini hapakuwa na utaratibu wa kuhakikisha kwamba kila taasisi imetekeleza.

Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iliyojulikana kama WannaCry ilienea duniani ikifunga mafaili na kudai fidia. Kwa mujibu wa ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ya Oktoba mwaka huo, angalau taasisi 81 kati ya 236 za hospitali za England ziliathirika, pamoja na zahanati za madaktari wa familia 595. Miadi ya wagonjwa 6,912 ilithibitishwa kuwa imefutwa, na makadirio yalipita 19,000. Hospitali kadhaa zililazimika kuwaelekeza wagonjwa wa dharura kwingine.

Hapa pana kosa linalorudiwa katika maandishi mengi, na yafaa lisahihishwe. Husemwa kwamba XP ndiyo iliyoziangusha hospitali. Wakati wa shambulio, XP ilikuwa imebaki katika chini ya asilimia 5 ya kompyuta za huduma hizo, na nyingi za mashine zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa. Kiraka cha tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Hakikuwekwa. Baadhi ya mashine za XP zilizobaki hazikuwa hata kompyuta za mezani. Zilikuwa ndani ya vifaa vya uchunguzi kama vile mashine za MRI, ambavyo hospitali haiwezi kuvibadilishia mfumo yenyewe, na aliyehesabu kompyuta za ofisini hakuvihesabu. Ni kweli pia kwamba baada ya shambulio Microsoft ilitoa kiraka cha XP kwa umma, miaka mitatu baada ya ukomo. Mpangaji asije akalichukulia tukio hilo la nadra kuwa sera.

Kwa hiyo kosa la Uingereza halikuwa moja. Kulikuwa na taasisi zilizochelewa kuhama, na kulikuwa na nyingine zilizohama kisha zikaacha kuutunza mfumo mpya. Munich iliijua idadi ya violezo vyake. Hospitali nyingi hazikuwa na orodha kamili ya mashine zilizounganishwa kwenye mtandao wao.

4. Kiswahili ndani ya mashine iliyoachwa

Katikati ya muongo uleule, Kiswahili kiliingia kwenye skrini kwa njia mbili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha lugha kilichoweza kupachikwa juu ya Windows XP ya Kiingereza, na baadaye juu ya matoleo yaliyofuata. Kwa mara ya kwanza karani aliweza kubofya Hariri badala ya neno la kigeni. Mijadala ya wakati huo ilijikita katika maneno yenyewe: tarakilishi au kompyuta, kipanya au puku, nywila au nenosiri. Ilikuwa mijadala ya haki. Lakini hatukujiuliza swali la pili: maneno hayo yanaishi wapi, na ni nani mwenye faili?

Kifurushi cha lugha ni ngozi ya mfumo. Mfumo ukikoma, ngozi haivikwi kwingine. Kila toleo jipya lilihitaji kifurushi chake, na mtumiaji hakuwa na njia ya kulibeba toleo la zamani la tafsiri mwenyewe. Jambo OpenOffice ilikabiliwa na tatizo la namna nyingine: mradi mama ulibadilishiwa mmiliki Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, na mwaka huohuo wachangiaji wengi wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Hata hivyo, leseni yake iliruhusu mafaili ya tafsiri kuchukuliwa na kuendelezwa na yeyote. Tofauti hii ya kisheria haikuonekana kuwa na uzito mwaka 2005. Kwa mtu anayepanga kuhama ina uzito kuliko ubora wa tafsiri, kwa kuwa tafsiri mbaya inayobebeka inaweza kurekebishwa.

Natoa angalizo moja. Sidai kwamba ofisi nyingi za ukanda wetu ziliwahi kufanya kazi kwa menyu za Kiswahili. Uzoefu wangu ni kwamba nyingi zilibaki na Kiingereza au Kifaransa. Kiswahili kiliishi zaidi ndani ya nyaraka: katika kamusi binafsi za tahajia, violezo vya barua, orodha za istilahi na hifadhidata za wafasiri. Ndiyo maana hakikuonekana na aliyekuwa akihesabu mashine.

5. Hesabu ya 2025, na faili moja

Windows 10 ilitolewa Julai 2015 na huduma yake ya kawaida ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mrithi wake, Windows 11, huhitaji kijenzi maalumu cha usalama na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi ambazo bado zinafanya kazi vizuri hazina sifa hizo, na ofisi iliyozinunua zikiwa zimetumika, kama zilivyo ofisi nyingi kwetu, ndiyo inayoguswa zaidi.

Kununua muda kumewekewa bei. Taasisi hulipa dola 61 za Marekani kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei hujirudufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu: 61, kisha 122, kisha 244. Ofisi yenye kompyuta 100 italipa dola 6,100 mwaka wa kwanza na 42,700 kwa miaka yote mitatu, na ikiingia mwaka wa pili hulazimika kulipia na wa kwanza. Mshauri wa sera ailinganishe hesabu hiyo na bei ya kompyuta mpya, na pia na gharama ya kuhamia Linux, ambayo leseni yake ni bure lakini mafunzo yake si bure. Binafsi naona mwaka wa kwanza unaweza kutetewa, wa pili kwa shida, na wa tatu ni dalili kwamba hakuna mpango.

Kinachoutofautisha ukomo huu na wa 2014 ni lugha ya ofisi. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikipa nafasi ya lugha rasmi ya Jumuiya. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha uamuzi wake mwaka 2022. Maana yake ni kwamba wizara na kampuni zinazofanya kazi nazo zimeanza kuunda violezo vya mikataba, hati za forodha na barua za Kiswahili kwenye kompyuta zilezile ambazo zinapaswa kuondolewa. Tukifuata mfano wa Munich, orodha ya kuhama ingeanza na nyaraka hizo: ni zipi, zimeandikwa kwa programu gani, nani anazitumia, zinafunguka wapi kwingine. Mashine zingefuata, pamoja na vile vifaa ambavyo havionekani kama kompyuta. Mtu wa lugha anapaswa kuwapo katika kikao hicho tangu siku ya kwanza, si kuitwa mwishoni ili atafsiri mwongozo.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuitwa mwishoni. Mwaka 2015 ofisi moja ya tafsiri, katika mji ambao sitautaja, ilibadilisha kompyuta zake za XP kwa wikendi moja. Orodha yake ya istilahi za sheria, iliyojengwa kwa zaidi ya miaka kumi, ilikuwa katika hifadhidata ya Access 97. Toleo jipya lililofungwa, la 2013, halifungui mafaili ya 97. Fundi alikuwa ameyanakili mafaili yote kwa uaminifu. Hakuna kilichofutwa, na hakuna kilichofunguka. Tulipata mashine moja ya zamani stoo, chini ya masanduku ya karatasi, tukaiwasha bila ya kuiunganisha na mtandao, tukayahamisha yaliyomo kwenda jedwali la kawaida. Istilahi zilitoka zote. Safu ya maelezo, ambamo mabingwa waliotangulia walikuwa wameeleza kwa nini walichagua neno hili wakaliacha lile, ilikatwa kila ilipopita herufi 255, na hatukuligundua hilo hadi mashine ile ilipokuwa imekwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Orodha hiyo inatumika hadi leo. Katika maingizo mengi sababu huanza vizuri, hutaja neno lililopendekezwa na pingamizi lililotolewa, kisha hukoma katikati ya sentensi, kabla ya kusema ni nini kilichoamuliwa.